Karatasi ya pointi za elki: usisaini bado

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo, nilikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa hapa Boise, Idaho. Kuwinda nimefundishwa na wenzangu wa kiwandani. Mwaka wa 5 sasa naomba kibali cha dume la elki kwa droo, sijapata hata mara moja. Kijana mmoja wa zamu yetu kaomba mara ya kwanza tu, kapata. Shemeji yangu anaishi Reno, Nevada, yeye ana pointi 6 (huko kila mwaka unaokosa kwenye droo unawekewa pointi ya kukupa nafasi zaidi baadaye), na kila tukiongea ananicheka, anasema huko kwenu mnacheza kamari. Sasa kazini inazunguka karatasi ya kukusanya saini, wanataka Idaho nayo ianze mfumo wa pointi. Wengi wamesaini. Mimi nimeikunja nikaitia mfuko wa koti. Nisaini? Na kama nisisaini, basi kitu gani kibadilishwe, maana hivi tulivyo pia hapana.

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Karatasi iache humohumo kwenye koti, tuongee kwanza.

Ile asubuhi ya Julai naijua. Umeamka kabla ya zamu, chai bado ya moto, unaingiza namba ya leseni kwenye simu, kiduara kinazunguka weee, halafu unaambiwa hukuchaguliwa. Sababu haisemwi, pole hupewi. Mimi nilisomea wanyamapori chuo cha Mweka, Tanzania, nikaja kufanya kazi kwenye majimbo haya ya milima, na jibu hilo nimelipokea mara nyingi kuliko ninavyopenda kuwasimulia wanangu. Kwa hiyo usinisome kama mtu aliyeshiba anayemhubiria mwenye njaa.

Wengine wanaosoma hapa hawajawahi kumwona huyu mnyama, niwaeleze kidogo. Elki ni kulungu mkubwa wa milimani. Dume lake huweza kupita kilo 300, na pembe zake zinasimama kama matawi ya mbuyu wakati wa kiangazi. Ukimchinja na kuondoa mifupa unabaki na nyama kama kilo 90, friza imejaa mpaka majira ya kuchipua. Idaho ina vibali vya aina mbili. Kuna vile unavyonunua bila droo, vya kanda kubwa zilizo wazi kwa wawindaji wengi. Halafu kuna vya droo, vya maeneo ambako idara ya wanyamapori ya jimbo inataka wawindaji wachache ili madume yapate umri. Ninyi mnaogombana kazini mnagombania hivi vya pili. Na tafadhali, mtu wa kwetu asisikie habari ya maeneo haya akafikiria kitalu cha Tanzania, ambako kampuni hupewa kitalu na kuleta wageni wake. Huku jimbo halikodishi vitalu kwa kampuni. Mnyama ni wa umma wa jimbo, na kibali kinamwendea mtu mmoja mmoja kwa jina lake. Ndiyo maana ugomvi wa nani apate ni mkali hivi.

Sasa hesabu yako. Tuseme kibali unachoomba hupatikana na mtu 1 kati ya 20. Idaho haina pointi, kila mwaka wote mnaanza sawa, mwenye miaka 30 ya kuomba na aliyekuja jana. Ukichukua watu 100 wanaoomba kibali kama hicho miaka 5 mfululizo, 77 kati yao watakuwa bado hawajapata kitu. Umesikia? 77. Wewe huna mkosi wala hukurogwa. Wewe ndiye wa kawaida. Wa ajabu ni yule kijana wa zamu yenu.

Lakini endelea kuhesabu, maana sitaki kukuficha upande mbaya. Baada ya miaka 20 ya kuomba, watu 36 katika wale 100 watakuwa bado mikono mitupu, na wakati huohuo kuna wengine watakaokuwa wamepata mara mbili au tatu. Walioandika karatasi yenu wana hoja. Mtu anayepeleka mtoto shule, akamaliza, akaoa, na yeye baba bado hajachaguliwa hata mara moja, huwezi kumwambia anyamaze kwa kuwa hesabu ndivyo ilivyo.

Ninachopinga ni dawa yao.

Kule kwenu mnaita likelemba, kwetu ni upatu. Watu 10, kila mwezi kila mmoja anatoa, mmoja anapokea, mpaka duara linazunguka. Unafanya kazi kwa sababu mbili tu: idadi ya wanachama imefungwa, na chungu wanakijaza wao wenyewe. Mtu akisikia kwamba kila mwaka anaokosa anawekewa pointi 1, moyo wake unatulia, anaona ni upatu, zamu yake itafika. Sivyo. Mlango wa upatu huu haufungwi, kila mwaka wanaingia wapya, na elki hawazai zaidi kwa sababu wewe una pointi.

Nikupe mfano wa hesabu, namba ni zangu za kufundishia tu. Eneo moja linatoa vibali 100 kwa mwaka. Siku pointi zinapoanzishwa wapo waombaji 1,000, na kila mwaka wanaongezeka wapya 200. Sheria: mwenye pointi nyingi anapata kwanza. Wale 1,000 wa mwanzo watahitaji miaka 10 kumalizika. Wakati wanamalizika, nyuma yao wamekwisha panga foleni watu 2,000. Anayeingia mwaka huo wa 10 ana miaka 20 ya kungoja. Anayeingia mwaka wa 20 ana miaka 30. Kila mwaka unaopita, anayejiunga anaongezewa mwaka mmoja wa kungoja. Hata wewe uliye ndani ya foleni unaongeza pointi 1 kwa mwaka huku kizingiti cha kupata nacho kikipanda pointi 1 kila miaka 2. Unakimbia na ukuta unarudi nyuma. Mtu aliyeanza mwaka huo wa 10 akiwa na miaka 40 atapata akiwa na 60, na mwanawe aliyeanza naye siku moja atapata naye siku moja, kisha wote wanarudi mkiani.

Haya si ya ubaoni tu. Kaskazini magharibi mwa Colorado kuna maeneo ya elki yanayotaka pointi zaidi ya 20. Nilifahamiana na mzee mmoja wa Utah aliyekusanya pointi zake miaka 22. Alianza akiwa mtu wa kupanda mlima na mzigo mgongoni. Kibali kilipotoka alikuwa na miaka 67 na goti la chuma. Nilimkuta ameegesha gari lake la pikapu ukingoni mwa korongo, ameketi kwenye ubao wa nyuma, blanketi mapajani, darubini machoni. Ng'ambo ya pili, mwendo wa saa tatu kwa miguu yenye afya, dume kubwa lilikuwa linapiga mbinja na kukusanya majike yake. Alilitazama siku tatu. Siku ya nne alikunja blanketi akaenda nyumbani. Aliniambia maneno machache tu: "Lingenikuta mwaka wa tisa." Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema, magoti hawakuyataja.

Sasa shemeji atasema: sisi Nevada hatuna foleni, pointi zetu ni tiketi. Kweli, na tofauti hiyo ni kubwa, wengi wanaosaini hawaijui. Kuna pointi za foleni, ambapo mwenye nyingi anapita mbele kwa hakika. Na kuna pointi za tiketi, ambapo droo inabaki droo ila jina lako linaingia kapuni mara nyingi zaidi. Nevada wanachukua pointi zako, wanazizidisha zenyewe kwa zenyewe, wanaongeza 1. Shemeji mwenye 6 ana tiketi 37. Aliyeanza leo ana 1. Lakini mwenye 14 ana tiketi 197, na huyo yuko kapu moja na shemeji. Anakucheka wewe, na kuna mzee huko mji wa Elko, Nevada hiyohiyo, anamcheka yeye.

Majimbo mengine wamechanganya. Utah, kwa vibali vyao vya maeneo ya wachache, nusu inakwenda kwa wenye pointi nyingi zaidi na nusu inachezwa kwa tiketi. Arizona wanatenga asilimia 20 kwa wenye pointi za juu. Wyoming wana jambo la kuchekesha kidogo: kwa elki na kulungu wa kawaida wamewawekea wageni wa kutoka nje ya jimbo mfumo wa pointi, robo tatu ya vibali vya mgeni kwa foleni na robo kwa bahati, ila wakazi wao wenyewe wakawaacha kwenye droo ya kawaida, bila pointi. Aliyejenga nyumba anajua chumba kipi kinavuja. Kule mashariki, Maine, kwa muusi (yule mnyama mrefu kama ng'ombe aliyepandishwa kwenye magongo), pointi zinaongezeka pole pole mwanzoni halafu kwa kasi: miaka ya mwanzo 1 kwa mwaka, na ukipita miaka 15 ya kukosa, 10 kwa mwaka. Kwa maoni yangu huo ndio uliofikiriwa vizuri kuliko yote, kwa sababu unamwacha mwombaji mpya na nafasi ya kweli miaka mingi halafu unamhurumia yule aliyekosa sana. Ningelazimishwa kuchagua pointi, ningechagua za Maine. Lakini sijalazimishwa, na wewe pia.

Na hapa ndipo nataka usimame uangalie, kuliko sehemu nyingine yoyote ya jibu hili. Pointi ukizianzisha huwezi kuzifuta. Siku ya kwanza ni namba kwenye kompyuta. Mwaka wa 15 ni deni. Nimekaa kwenye mikutano ya hadhara ya majimbo yenye pointi. Anasimama mwanabiolojia anaonyesha mchoro kwamba foleni imevunjika, vijana wameacha kuomba, na anapendekeza nusu ya vibali irudishwe kwenye bahati. Ukumbini wamejaa watu wa miaka 55 kwenda juu, kila mmoja na pointi zake 18, 21, 24. Wana haki ya kukasirika! Waliahidiwa. Wamelipa kila mwaka. Wale ambao mabadiliko yangewasaidia hawapo, wengine wako darasa la tano, wengine bado wako kambini Kigoma wanangojea safari. Kura ya ukumbini unaijua itakavyokwenda.

Halafu kuna pesa. Mahali pengi unaweza kulipia pointi bila hata kuomba kuwinda mwaka huo. Wyoming wanamuuzia mgeni pointi ya elki kwa makumi ya dola, na ofisi haitoi kibali chochote, inatoa tumaini. Tumaini halihitaji askari wa wanyamapori wala kuhesabiwa kwa helikopta. Ofisi ikishazoea mapato ya namna hiyo, usitegemee iwe ya kwanza kusema mfumo ufungwe. Simlaumu mtu. Nimekaa upande ule wa meza, bajeti ni bajeti.

Wewe ni nani katika foleni hiyo? Wewe ni mgeni. Idaho inakutambua kama mkazi kwa leseni ukishakaa miezi 6, na kuanzia hapo jina lako kapuni lina uzito sawa na la mtu ambaye babu yake alikuja na gari la maksai. Sijui kitu kingine kingi katika nchi hii ambacho mhamiaji anasawazishwa haraka hivyo. Na umekilipia: kuanzia mwaka 1937 iko sheria ya shirikisho inayopeleka ushuru wa bunduki ndefu na risasi, ambao leo ni asilimia 11, kwenye majimbo kwa ajili ya wanyamapori. Kila sanduku la risasi unalomaliza kwenye uwanja wa shabaha umechangia. Mwanao akifika miaka 10 anaweza kuwinda wanyama wakubwa hapo Idaho, na siku hiyo naye ana nafasi sawa na wewe. Karatasi iliyo mfukoni mwako inasema hivi, kwa maneno mengine: tuliotangulia tupite mbele. Unaweza kusema wewe umekwisha omba miaka 5, kwa hiyo utakuwa miongoni mwa waliotangulia. Soma tena. Pointi zikianza, zinaanza sifuri kwa wote. Hiyo miaka yako 5 haimo.

Basi kibadilishwe nini? Maana umeniambia hivi mlivyo pia hapana, na nakubaliana nawe.

Kwanza ujue Idaho imekwisha fanya mambo fulani ya busara badala ya pointi, ila haiyatangazi vizuri. Ukiomba muusi, kondoo-mwitu wa milimani au mbuzi wa milimani, huruhusiwi mwaka huohuo kuingia droo ya kawaida ya elki au kulungu, na ada ya kibali chote unailipa mbele, unarudishiwa ukikosa. Hilo peke yake linawatoa kapuni wale wanaoomba kila kitu kwa kuwa kuomba ni rahisi. Ni lazima uwe na leseni ya kuwinda kabla ya kuomba, kwa hiyo mtu kumwandikisha mama mkwe asiyeshika bunduki kuna gharama. Wageni wa nje ya jimbo hawapati zaidi ya asilimia 10 ya vibali vya droo. Na ukipata kibali cha dume la elki kwa droo, mwaka unaofuata unakaa nje ya droo ya dume.

Mwaka mmoja tu wa kukaa nje ni mdogo mno. Hapo ndipo ningeanzia. Ningesema aliyepata dume kwa droo akae nje miaka 5. Nisikudanganye kwamba ni muujiza: tukiwa na waombaji 2,000 na vibali 100, nafasi yako ni 1 kati ya 20, wakikaa nje washindi wa miaka 5, yaani watu 500, wanabaki 1,500, na nafasi yako inakuwa 1 kati ya 15. Ni nafuu, si uponyaji. Faida yake kubwa ni ya moyo: yule kijana wa zamu yenu hatapata tena mwakani wala mwaka wa tatu huku wewe unamtazama. Na tofauti na pointi, kanuni hii ikionekana mbaya inafutwa kesho na hakuna anayedai fidia.

Pili, ile kanuni ya muusi ipanuliwe. Mtu achague: mwaka huu naingia droo ya dume la elki au ya dume la kulungu, si zote mbili. Sasa hivi wengi wanajaza zote kama wanaonunua tiketi za treni zote za siku wakijua watapanda moja.

Tatu, na hili ndilo ningelipigania hasa, kwa sababu ndilo pekee linaloongeza vibali badala ya kugawa uhaba upya. Jiulize namba ya vibali inatoka wapi. Wakati wa baridi, theluji ikiwa imewashusha wanyama mabondeni, wanabiolojia wanapanda helikopta na kuhesabu. Ukiwa juu, madume yanaonekana kama vijiti vyeusi vimechomekwa kwenye shuka jeupe. Mmoja anahesabu kwa sauti, mwingine anaandika, mikono imekufa ganzi, na rubani anakuomba ufanye haraka. Kutoka hapo wanapata uwiano wa madume na majike, na wanaamua ni madume mangapi yanaweza kufa bila eneo kuharibika. Tuseme 20. Namba hiyo ni ya wanyama. Namba ya vibali inategemea swali jingine: kati ya wawindaji 100 wa eneo hilo, wangapi hufanikiwa?

Septemba ndio msimu wa elki kupandana. Dume linapiga mbinja alfajiri, limesahau woga, ukiliita kwa kipenga linakuja mpaka unaona mvuke wa pumzi yake. Mpe mtu bunduki ya kisasa yenye darubini wakati huo, tuseme 80 katika 100 watafanikiwa. Ili wafe 20 unaweza kutoa vibali 25 tu. Mpe mtu upinde wakati uleule, afanikiwe 1 kati ya 5: sasa unaweza kutoa vibali 100, na wanyama waliokufa ni walewale 20. Watu 75 zaidi wamelala hemani, wamesikia ile mbinja, wamerudi na hadithi. Au bunduki ibaki, lakini iondoe Septemba uipeleke Novemba, au ruhusu bunduki za kushindilia baruti mdomoni. Kila hatua ya kumpunguzia mwindaji urahisi inaongeza watu mlimani. Wapo watakaopiga kelele: wanataka kibali ambacho ni hakika ya dume kubwa, hata kama kinatoka mara moja kwa maisha. Ni haki yao kutaka. Lakini waseme wazi kwamba wanachotaka ni uwindaji wa wachache, wasitupe pointi kama peremende ya kutubembelezea.

Kuhusu mnada, maana karatasi kama hizi baadaye huja na kifungu cha mnada: Idaho hunadi kibali kimoja cha kondoo-mwitu kwa mwaka, na fedha zinakwenda kwa kondoo-mwitu wenyewe. Kimoja, nakivumilia. Vikizidi, tutakuwa tumerudi kwenye mnyama wa tajiri.

Mahali pa kusemea haya ni kwenye Kamisheni ya wanyamapori ya Idaho. Ina wajumbe 7 wanaoteuliwa na gavana, na ilianzishwa kwa kura ya wananchi wenyewe mwaka 1938, walipochoka wanyama kuendeshwa na siasa. Hupokea maoni ya umma. Utapewa dakika chache na kipaza sauti, lafudhi yako haimkeri mtu. Usiende na neno "haki", kila mtu ukumbini ana haki yake. Nenda na eneo moja unalolijua kwa namba yake, uwaambie hapa ondoeni bunduki Septemba, wekeni upinde, vibali vitaongezeka. Jambo kama hilo linajibika.

Na wakati unangoja hayo, usiache kuwinda. Nimesoma swali lako mara mbili, hakuna mahali umesema umenunua kibali cha bila droo. Kanda ya Boise River iko mlangoni kwako. Tovuti ya idara inaonyesha kila droo, walioomba wangapi, waliopata wangapi, waliofanikiwa wangapi. Kaa nayo jioni moja kabla ya tarehe 1 Mei, dirisha la maombi ya elki linapofunguka mpaka tarehe 5 Juni. Utaona watu wamejazana kwenye maeneo mawili matatu yenye jina, na vibali vya majike vya jirani yake vinaombwa na wachache. Jike la elki ni nyama tamu kuliko dume la Septemba. Dume wakati huo linanuka mkojo wake lenyewe, mkeo hatakushukuru.

Shemeji naye usimchokoze sana. Nevada, asipoomba miaka 2 mfululizo, pointi zake zote zinafutika, na hata kuomba pointi tupu ni lazima anunue leseni ya jimbo. Kwa hiyo mwambie tarehe ya mwisho isimpite. Mfumo siupendi, lakini ameshaingia, na 37 si 1.